Faili Lililopambwa Maua

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, nikuweke sawa haraka haraka, maana mahali nilipo si pa kupigia soga.

Mimi ndiye Nukta. Jina hilo nilibandikwa ofisini kwa sababu naweza kuona nukta iliyokosekana kwenye ukurasa mzima wakati wenzangu bado wanafuta miwani. Kazi yangu ni kuandika mafaili ya maandishi yanayoiambia programu ya kompyuta ifanye nini na isifanye nini. Ofisi ni ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Vyumba viwili tunavyolala viko nyuma ya nyumba ya shemeji. Gari analoendesha mume wangu ni la shemeji. Hata nikitaka kukasirika, sina mahali pa kwenda kukasirikia, maana kila kiti ni cha kwake.

Ndiyo maana mliponiacha nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha usaili cha kampuni nyingine, ghorofa ya pili, naomba kazi kwa siri. Nikiipata, tunapanga nyumba yetu, mimi, mume wangu na mtoto. Nikiikosa, narudi kuwa samani ya shemeji.

Nyumbani niliaga kwamba nampeleka mtoto kliniki kuchanjwa. Mtoto nikamwacha kwa jirani. Mume wangu sikumwambia ukweli, kwa sababu yeye hana jambo asilomwambia kaka yake. Nilaumuni mkitaka. Nilikuwa nimechoka kuomba ruhusa ya kupiga chafya.

Mbele yangu walikaa watu wawili. Mmoja ni mama wa makamo, mkuu wa mambo ya kompyuta hapo, mwenye miwani mikubwa iliyokaa karibu na ncha ya pua. Mwingine ni mhasibu, mwembamba, aliyenitazama kama vile natumia umeme wake kwa kuhema.

"Dada," akasema Mama Miwani, "tuseme tumekupa kazi. Utaandika mafaili ya mipangilio ya programu zetu, na maelezo ya kuwasaidia mafundi watakaokuja baada yako. Tukununulie nini?"

"Hakuna," nikasema.

Mhasibu akaacha kuchezea kalamu. "Hebu rudia."

"Hakuna cha kununua. Kila kompyuta inakuja na programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu. Haina rangi wala mapambo, na kwa sababu hiyo mashine yoyote inasoma kile kile nilichoandika. Nikitaka iliyo nzuri zaidi, ziko za bure mtandaoni, zinazonionyesha hata nafasi niliyoacha kati ya neno na neno."

"Na vichwa vya habari? Orodha?" akauliza Mama Miwani. Nilijua ananitega.

"Kichwa cha habari nakitangulizia alama ya reli. Orodha naiwekea vistari. Neno la mkazo nalizungushia nyota. Binadamu anasoma hivyo hivyo bila taabu, na ziko programu za bure zinazogeuza faili lile kuwa ukurasa wa mtandao au kitabu cha kuchapa."

"Sasa ile programu ya ofisi tunayoilipia kila mwaka?" mhasibu akadakia.

"Ile ya kuandikia barua? Endeleeni kuandikia barua."

Mhasibu akacheka mpaka akajishika tumbo. Mama Miwani akashusha miwani, akaniangalia bila vioo. Jamani, nilihisi kazi ile ikinijia mkononi. Nilishaanza hata kuchagua rangi ya mapazia.

Hapo ndipo mlango ulio nyuma yangu ulipolia, ta!

Kisha ule wa koridoni, ta! Kisha mwingine mbali kidogo, upande wa ngazi, ta!

Mhasibu akainuka, akavuta mlango. Haukutikisika. Akagusisha kadi yake kwenye kidude cheusi ukutani, taa nyekundu ikawaka. Akagusisha tena, akaipangusa kwenye suruali, akagusisha tena. Nyekundu.

"Mlango wa dharura?" nikauliza.

"Ufunguo uko mapokezi," akasema kwa sauti ndogo. "Chini."

Mama Miwani alikuwa ameshapiga simu mapokezi. "Nini? Si tulisema wiki ijayo? Amekuja mwenyewe? Na yeye yuko wapi?" Akasikiliza, akakata simu, akatugeukia. "Bwana wa milango amekuja mapema ili atufurahishe. Ameingiza faili lake kwenye mashine, milango yote imejifunga, na yeye mwenyewe amefungiwa pale chini na dada wa mapokezi."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikasema moyoni, huyo bwana leo kayatimba.

Simu yangu ikatetemeka mapajani. Nikaitazama. Ilikuwa imeandika: Shemeji Bosi.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu shemeji, vinginevyo mtaniona mjinga. Shemeji hamwambii mfanyakazi wake yeyote jina la mteja. Anaogopa tutamwibia. Wateja wote tunawajua kwa majina ya kubuni: Mteja Mzito, Mteja wa Kulia Lia, Mteja Mpya. Wiki nzima nilikuwa nimeandika faili la milango ya Mteja Mpya bila kujua yuko mtaa gani. Na asubuhi ile nilivipita vile vidude vyeusi ukutani, bado vimevaa nailoni, nikasema siku hizi kila jengo linavyo.

Mteja Mpya ndio hawa. Nilikuwa nimekaa tumboni mwake.

"Samahani, ni nyumbani," nikawaambia, nikasogea dirishani, nikashusha sauti. Dirisha lilikuwa na nondo.

"Nukta! Uko wapi?"

"Kliniki, shemeji. Si nilikuaga?"

"Achana na sindano! Umenitia aibu. Faili lako limefunga milango ya mteja, nimewekwa mapokezi kama kuku kwenye tenga."

"Lile faili nililijaribu jana mbele yako, likafungua na kufunga vizuri. Umeligusa?"

Akakohoa kidogo. Shemeji kukohoa ni habari mbaya.

"Sijaligusa. Nimelipendezesha tu."

Nikaegemeza kipaji cha uso kwenye nondo. Hiyo ndiyo tabia yake nyingine. Kitu chochote kinachotoka ofisini kwake lazima kivalishwe: nembo juu, maandishi ya bluu, jina lake kwa herufi nene. Husema faili haliwezi kwenda kwa mteja halijachana nywele. Barua sawa. Risiti sawa. Lakini faili la kusomwa na mashine, ambalo wala mteja halioni! Nilishamweleza hadi sauti ikanikauka, na kila mara alinijibu kwamba mimi sijui biashara.

"Shemeji, umelifungulia kwenye programu ya barua?"

"Sasa maua ningeyaweka wapi?"

"Maua?"

"Ya pembeni, ya kuzunguka ukurasa. Usinipotezee muda. Mume wako yuko nje na gari, namtuma kliniki akuchukue akulete."

"Hapana! Foleni ni ndefu, shemeji, bora ni..."

Alishakata.

Nikabaki nimeshika simu. Kliniki haikuwa mbali na pale. Mume wangu angefika, angenikosa, na mimi nilikuwa nimefungiwa ghorofani, juu ya kichwa cha shemeji, na faili nililoandika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Dada, njoo," Mama Miwani akaniita mezani. "Wewe si ndiye mtaalamu wa vya bure? Nimewaambia mapokezi wanitumie hilo faili. Hebu tulione."

Kompyuta ya usaili ilikuwa kuukuu, herufi nyingine zimefutika kwenye vitufe. Nikalifungua faili kwa ile programu ndogo ya maandishi matupu. Skrini ikajaa takataka: mabano, vijiduara, herufi zisizo na lugha, mistari na mistari ya uchafu.

"Huu ndio ugonjwa," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka, wakadhani ni heshima. "Programu ya barua inaficha mambo mengi nyuma ya herufi. Rangi, ukubwa, pambo, vyote inaviandika kwa lugha yake. Mtu haoni, lakini mashine inakabidhiwa vyote. Mashine ya milango ikikuta faili isilolielewa, haibahatishi. Inafunga kila kitu inasubiri."

"Na ukilifungua kama barua linaonekanaje?" mhasibu akauliza.

Nilitamani kusema halifunguki. Nikalifungua.

Palikuwa na waridi. Waridi jekundu kila pembe, majani yakipanda pembeni kama mapazia ya ukumbi wa harusi. Juu, kwa bluu, pameandikwa: *Milango Yenu Ndiyo Furaha Yetu*. Na katikati, sheria zangu maskini, zimewekwa kwa mwandiko wa kadi ya mwaliko.

Mhasibu akalala juu ya meza kwa kicheko. Hata Mama Miwani mabega yalimtikisika. Mimi nilicheka kwa meno ya mbele tu.

Mama Miwani akachukua simu ya mezani, akapiga mapokezi, akaiweka kwenye spika. "Bwana, mbona faili lako lina maua?"

Sauti ya shemeji ikaingia chumbani, laini, ile anayowawekea wateja.

"Aa, mama, nisamehe sana. Kuna binti pale ofisini kwangu, mke wa mdogo wangu. Nilimchukua kwa huruma tu. Anapenda kutengeneza mafaili kwa vitu vya bure bure, na kupamba pamba. Nimemkanya hadi nimechoka. Leo ndio mwisho wake, nakuahidi."

Kwa huruma! Alipokimbiwa na mwandishi wake wa kwanza ni nani aliyekuja kugonga mlango wetu na bakuli la machungwa, akinibembeleza? Ni nani aliyekuwa akilipia programu ya bei mbaya mpaka nikamwonyesha kwamba ya bure inatosha? Niliumia, si kidogo.

"Watu wana kazi na hawazijui thamani," Mama Miwani akasema baada ya kukata simu. "Huyo binti, siku nikikutana naye, tutaelewana."

Nikafungua mdomo niseme, mama, umeshakutana naye.

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa mume wangu: *Nimefika kliniki. Wanasema leo hamjaonekana. Uko wapi?*

Nikafunga mdomo.

"Unaweza kulitibu?" Mama Miwani akauliza.

"Halitibiki. Naandika jipya."

"Andika. Mwenzangu hapa ana shinikizo la damu, na hajanywa dawa yake ya mchana."

"Iko kwenye droo ya ofisini kwangu," mhasibu akasema, na safari hii hakucheka. "Nyuma ya mlango wa korido."

Nikafungua ukurasa mtupu. Sheria zile nilikuwa nazijua kama ninavyojua hodi za mlangoni kwangu: ipi ya jirani, ipi ya shemeji. Neno, nukta mbili, nafasi moja. Bila kitufe cha kurukisha maneno mbele, bila rangi, bila waridi.

wafanyakazi: milango yote
wageni: mlango wa nje

Mstari wa tatu ulipaswa kuwa wa mafundi. Kadi ya shemeji iko kwenye mafundi. Vidole vikagoma.

Nilijua kabisa ninachofanya, sitawadanganya. Bila mstari ule, kadi ya shemeji ingehesabiwa ya mgeni, ingefungua mlango wa nje tu, ule wa kutokea barabarani. Ngazi zisingemkubali. Angeghadhibika, angeondoka, na mimi ningeteremka taratibu na kazi yangu mfukoni. Nikapeleka mkono kwenye kitufe cha kuhifadhi.

"Mbona ni mistari miwili?" Mama Miwani alikuwa amesimama nyuma yangu. "Lile la waridi lilikuwa na mitatu. Fundi umemwacha wapi?"

"Nilidhani... si ameharibu?"

"Kuharibu ameharibu. Lakini mkataba unasema fundi anapanda mpaka juu kukagua kila mlango. Mtu ukimchukia humfuti kwenye faili, dada. Leo umfute yeye, kesho utafuta nani?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Nikaandika.

mafundi: mlango wa nje, ngazi, korido

Kwa vidole vyangu hivi hivi nilimfungulia njia. Nikahifadhi, nikatuma mapokezi. Mapokezi walihangaika karibu nusu saa kuliingiza kwenye mashine, sisi tumekaa tunasikiliza.

Ta! Ta! Ta! Kidude ukutani kikawaka kijani.

Mhasibu akatoka mbio kwenda kwenye dawa yake. Mama Miwani akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Usaili umekwisha. Kazi ni yako kama bado unaitaka. Jumatatu uje na vyeti tu."

Ningewaeleza furaha ile, lakini haikukaa hata ya kuelezeka. Niliona mlango wenye ufunguo wangu mwenyewe, nikaona mtoto anakimbia kwenye uwanja usio na mtu wa kumkaripia. Halafu nikasikia viatu vya shemeji kwenye ngazi. Navijua viatu vile, nimevisikiliza miaka.

Akaingia anapangusa shingo kwa leso, kinywa kimejaa samahani. Akaniona.

Nilitegemea mayowe. Shemeji akapepesa macho mara moja tu, kisha tabasamu likamtandaa uso mzima.

"Ahaa! Kumbe umeshatangulia!" Akaja akaniwekea mkono begani. "Mama, ndiye huyu binti niliyekueleza. Nilimwamuru aje mbio arekebishe alichokiharibu. Kwetu sisi mteja kwanza."

Kisha akaniinamia sikioni, harufu ya jasho na marashi. "Mumeo amenipigia nikiwa kwenye ngazi. Mtoto amemkuta kwa jirani. Wako chini kwenye gari. Kwa hiyo, shemeji yangu, itikia tu ndiyo, twende nyumbani."

Mama Miwani akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Akageuza kompyuta ile kuukuu ikanielekea, mawaridi yakiwa bado yamechanua kwenye skrini.

"Dada, ulinijia hapa kuomba kazi au ulitumwa? Na haya maua ni ya nani?"

Mkono ulikuwa bado begani kwangu, mzito. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nikiitikia ndiyo, ninarudi kwenye vyumba viwili na huyu mama haniiti tena. Nikikataa, usiku huu sijui tutalala wapi.

"Nilikuja kuomba kazi," nikasema. "Faili niliandika mimi. Maua ni ya shemeji."

Mkono ukatoka begani.

Shemeji hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza, akaiweka kwenye spika, akailaza mezani mbele ya Mama Miwani kama mtu anayeweka ushahidi.

"Mdogo wangu, unanisikia?"

"Nakusikia, kaka."

"Mkeo yuko hapa. Ameomba kazi kwa mteja wangu kwa siri, amenidhalilisha mbele ya watu, na leo hii anatoka kwangu. Hilo limekwisha. Sasa nakuuliza wewe. Unabaki na mimi, au unamfuata?"

"Baba watoto, nisikilize," nikasema, nikainamia simu. "Nilitaka tu tuwe na..."

"Nimemuuliza yeye," shemeji akasema.

Ndani ya simu ngurumo ya gari ilisikika, halafu ikazimwa. Tukamsikia mwanangu anauliza mama yuko wapi. Akauliza tena; alichojibu baba yake nitawaeleza wiki ijayo.